Lanhydrock, Cornwall: upande wa watumishi unaoipita nyumba yenyewe

Wengi wanaofika Lanhydrock, nyumba kubwa ya mawe ya graniti iliyo karibu na mji wa Bodmin, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, huvutiwa kwanza na bustani, lango la karne ya 17 na ukumbi mrefu wa ghorofani ambao dari yake ya plasta imefinyangwa visa vya Agano la Kale. Vyote hivyo vinastahili sifa. Hata hivyo, baada ya kuizunguka nyumba nzima nimeshawishika kwamba kilicho bora zaidi ndani yake ni jiko pamoja na vyumba vinavyolizunguka, yaani upande wa watumishi uliojengwa upya katika miaka iliyofuata moto wa mwaka 1881. Anayetaka kuelewa jinsi nyumba ya kitajiri ilivyoendeshwa mwishoni mwa enzi ya Malkia Victoria hatapata mahali pengi ambapo jambo hilo limehifadhiwa kwa ukamilifu kama hapa, na anayependa usanifu wa majengo ataona kazi ambayo, kwa maoni yangu, ina ukweli mwingi kuliko vyumba vya wenye nyumba.

Historia inabidi itangulie, kwa sababu bila moto huo upande huu haueleweki. Familia ya Robartes, iliyotajirika mjini Truro kwa biashara ya bati na sufu, iliinunua Lanhydrock mwaka 1620 na kujenga nyumba iliyozunguka ua kwa pande zote nne. Upande wa mashariki ulibomolewa mwishoni mwa karne ya 18, ndiyo maana nyumba ya leo imebaki na pande tatu na ua ulio wazi kuelekea lango. Katika miaka ya 1850 msanifu mashuhuri George Gilbert Scott aliletwa kuifanyia ukarabati, na aliyesimamia kazi yake alikuwa kijana wa Cornwall aitwaye Richard Coad. Jina hili la pili ndilo la kukumbukwa.

Tarehe 4 Aprili 1881 moto ulizuka katika dohani ya jikoni. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali, na moto ukapanda kwenye paa na kusambaa hadi sehemu kubwa ya nyumba ikateketea. Lady Robartes, mama aliyekuwa na umri wa karibu miaka 70, aliokolewa kwa ngazi kupitia dirisha la juu, lakini alifariki siku chache baadaye. Mumewe, Lord Robartes wa kwanza, naye akafariki mwaka uliofuata. Kilichosalimika ni lango, baraza la kuingilia na upande wa kaskazini wenye ule ukumbi mrefu. Mtoto wao, Thomas Charles Agar-Robartes, alirithi cheo na kuta zilizoungua, akamwita Coad, ambaye sasa alikuwa msanifu mwenye ofisi yake, na kumtaka aijenge nyumba ya familia isiyo na majivuno. Kufikia mwaka 1885 nyumba ilikuwa imekamilika. Kwa mbele Coad alirudisha sura ya karne ya 17 kwa uaminifu mkubwa, kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa anaweza kudhani hakuna kilichoungua. Kwa nyuma alijenga kitu kipya kabisa, na hapo ndipo ustadi wake ulipo.

Anayeingia upande wa nyuma akiwa anakumbuka kwamba wenye nyumba walikuwa wamemzika mama yao kwa sababu ya dohani ya jikoni, atauona uchungu huo katika kila uamuzi wa mjenzi. Sakafu na dari za nyumba mpya zilimwagwa zege na kubebwa na mihimili ya chuma ili moto wa chumba kimoja usipate njia ya kupanda chumba cha pili. Bomba za maji ya kuzimia moto ziliwekwa ndani ya nyumba. Redieta kubwa za chuma, zilizopashwa na boila, zilipunguza idadi ya mioto iliyohitaji kuwashwa vyumbani. Na jiko lenyewe, chanzo cha maafa, lilitengwa likawa jengo linalosimama chini ya paa lake lenyewe, lenye kimo cha ghorofa zaidi ya moja, bila chumba cha mtu yeyote juu yake. Hakuna anayelala juu ya moto wa kupikia. Ukishalitambua hilo, ukubwa wa jiko hauonekani tena kuwa fahari tupu.

Lakini fahari ipo pia, na sioni sababu ya kuikana. Jiko la Lanhydrock lilijengwa kwa mtindo wa kumbi za kulia chakula za vyuo vikongwe vya Uingereza: kuta ndefu zinazopanda hadi kenchi za mbao zilizoachwa wazi, na madirisha makubwa yaliyowekwa juu kabisa ya kimo cha mtu. Mpishi aliyesimama mezani hakuweza kutazama nje hata kidogo, jambo linaloweza kumhuzunisha mgeni wa leo, lakini mpango huo una sababu zake. Mwanga unaotoka juu huiangukia meza ya kazi bila kivuli cha anayekata au kukanda, na hewa ya moto, ambayo daima hupanda, hukuta njia ya kutokea mahali hasa inapokusanyika. Madirisha hayo ya juu yalifunguliwa kutoka chini kwa mtambo wa fito na magurudumu yenye meno, kwa kuwa hakuna ngazi ambayo ingefaa kupandwa kila mara mvuke unapozidi. Coad aliutatua kwa usanifu tatizo ambalo nyumba nyingi za wakati wake ziliwaachia wapishi walivumilie.

Ukutani ndipo penye jiko la chuma la makaa ya mawe, lililoletwa kutoka kampuni ya Clement Jeakes ya London, na karibu yake pana moto wa kubanikia nyama. Inafaa kusimama hapa kwa muda. Nyama ya kubanika haikuokwa ndani ya sanduku la chuma kama tufanyavyo sasa; ilichomekwa kwenye vyuma virefu mbele ya moto ulio wazi na kuzungushwa polepole, ili mafuta yadondoke kwenye sinia chini na kila upande upate joto sawa. Kwa karne nyingi kazi ya kuzungusha ilifanywa na kijana aliyekaa kando ya moto. Katika mtambo wa aina inayoonekana hapa, hewa ya moto inayopanda dohani huzungusha feni iliyofichwa ndani yake, na feni huzungusha vyuma kwa minyororo na magurudumu. Uzuri wake ni kwamba moto unapokuwa mkali vyuma huenda kasi, na unapofifia navyo hupunguza mwendo, hivyo mtambo hujirekebisha wenyewe. Dohani iliyoua sasa inafanya kazi.

Baada ya jiko kuu huanza mfululizo wa vyumba vidogo ambao kwangu ndio moyo wa ziara yote. Kuna chumba cha kuoshea vyombo, chumba cha kuokea mikate chenye tanuri lake, chumba cha vyakula vya unga, stoo ya vyakula vikavu, stoo ya nyama, stoo ya samaki, chumba cha maziwa na kingine cha kutayarishia maziwa. Mgeni mwenye haraka ataona vyumba vinane vyenye rafu na meza. Kinachovitofautisha ni joto. Unga wa mkate unahitaji joto ili uumuke, ilhali unga wa siagi wa kutengenezea pai unahitaji ubaridi ili siagi isiyeyuke kabla ya kuingia tanurini. Vyumba hivyo viwili vinashughulika na unga uleule, lakini kimoja kingeharibu kazi ya kingine. Samaki hawezi kuning'inizwa karibu na maziwa, kwa kuwa maziwa huvuta harufu. Nyama ya mawindo ilihitaji hewa inayopita, na unga mkavu ulihitaji hewa isiyo na unyevu. Kila ukuta unaotenganisha vyumba hivi unasimama kwa sababu ya chakula fulani kinachoharibika kwa namna yake, na mpango wote unasomeka kama somo la uhifadhi wa chakula katika enzi ambayo friji ya umeme haikuwapo.

Chumba cha maziwa ndicho kilichonishika zaidi. Katikati yake kuna meza nene ya marumaru, na pembeni rafu za mawe bapa ya sleti. Mifereji iliyochongwa hupitisha maji baridi yaliyovutwa kwa bomba kutoka chemchemi ya mlimani nyuma ya nyumba. Maji hayo hayakugusa chakula. Kazi yake ilikuwa kuyapoza mawe, na mawe kuvipoza vyombo vilivyowekwa juu yake, mchana na usiku, bila barafu wala pampu, kwa nguvu ya mteremko tu. Sijaona mahali pengine ambapo mteremko wa ardhi umetumiwa kwa utulivu na akili namna hii ndani ya chumba cha kazi.

Mlango wa pili kutoka hapo ni chumba cha kutayarishia maziwa, na hapo ndipo Cornwall inapojitokeza waziwazi katika nyumba ambayo kwingineko ingeweza kuwa popote Uingereza. Eneo hilo ni maarufu kwa malai mazito ya rangi ya manjano, yenye utando juu, yanayoliwa na mikate midogo na jamu. Kuyatengeneza ni kazi ya subira. Maziwa humiminwa katika sufuria pana zisizo na kina na kuachwa yatulie saa nyingi hadi malai yapande juu. Kisha sufuria huhamishwa, kwa mikono isiyotetemeka, hadi mahali pa kupashia, ambapo maziwa hupata joto polepole bila kufikia kuchemka. Mwisho hurudishwa kwenye ubaridi hadi siku ya pili, ndipo utando unapoenguliwa. Maziwa yakichemka yameharibika, na sufuria ikitikiswa malai huvunjika. Ndiyo maana jiko la kupashia maziwa hapa lilipata joto lake kwa mabomba badala ya mwali wa moto, na ndiyo maana liko hatua chache tu kutoka kwenye meza ya marumaru. Umbali huo mfupi kati ya joto na baridi ulipangwa kwa ajili ya mwanamke aliyebeba sufuria iliyojaa. Nimeona sebule nyingi za kifahari ambazo hakuna aliyewafikiria wakazi wake kwa makini kiasi hiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo upande huu haukulitatua, na ambalo nyumba nyingi za kizazi chake hazikutaka kulitatua. Jiko liko mbali na chumba cha kulia chakula. Wenye nyumba wa enzi hiyo walichukia harufu ya kupika kuliko walivyochukia chakula kilichopoa, na wasanifu waliwatii. Mwaka 1864 msanifu Robert Kerr, aliyewaandikia matajiri ushauri kuhusu ujenzi wa nyumba zao, alieleza kwamba familia ni jumuiya moja na watumishi ni jumuiya nyingine, na kwamba kila moja iwe na uwezo wa kuifungia nyingine mlango ikabaki na mambo yake. Lanhydrock, iliyojengwa miaka ishirini hivi baadaye, inauweka ushauri huo katika mawe. Sahani zilisafiri kupitia ushoroba hadi chumba cha kupakulia chenye kabati la kuhifadhi joto, na kutoka hapo zikaingizwa mezani na watumishi wa kiume waliovaa rasmi. Kabati hilo ni dawa ya ugonjwa ambao mpango wenyewe uliusababisha. Kama mpishi, ningelia kuona mchuzi nilioupika kwa saa nyingi ukifunga mafuta njiani.

Utengano huo ulianza jikoni lakini haukuishia hapo. Mwenye kupanda hadi vyumba vya kulala vya watumishi, vilivyo chini ya paa, ataona kwamba wanaume na wanawake walitenganishwa, kila kundi na ngazi zake. Vyumba ni vya kawaida, vina vitanda vya chuma, na ukivilinganisha na hali za wafanyakazi wengi wa Uingereza wa wakati huo haviwezi kuitwa vya kikatili. Hata hivyo, siwezi kuvitazama bila kukumbuka kwamba ngazi hizo zilipangwa ili kusimamia maisha ya watu wazima hata walipokuwa wamelala. Sensa ya mwaka 1891 ilihesabu wanawake zaidi ya milioni moja waliofanya utumishi wa nyumbani nchini England na Wales. Kazi hiyo iliwaajiri wanawake wengi kuliko nyingine yoyote, na kwa wengi wao ilianza wakiwa bado wasichana, kwenye chumba cha kuoshea vyombo.

Tofauti ya jinsia ilikuwa na upande wake wa kifedha pia, na unasaidia kueleza kwa nini nyumba ilipangwa hivi. Tangu mwaka 1777 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kila mtumishi wa kiume, na kwa sheria ya mwaka 1869 kodi hiyo ilikuwa shilingi 15 kwa mwaka kwa kila mmoja. Ilifutwa mwaka 1937 tu. Mtumishi wa kiume alikuwa ghali kwa mshahara na kwa kodi, kwa hiyo alikuwa ishara ya utajiri, na ishara huwekwa mahali panapoonekana: mlangoni na kwenye chumba cha kulia. Wanawake, waliofanya sehemu kubwa ya kazi nzito ya kubeba makaa na maji, kusugua sakafu na kusafisha majivu, walipangiwa njia za nyuma na saa za alfajiri. Mtu akifuata shoroba za Lanhydrock kwa makini atauona mgawanyo huo bila kuhitaji maandishi ukutani.

Baadhi ya wageni husema upande huu wa nyumba unawatukuza matajiri kwa kupendezesha mazingira ya waliowatumikia. Nalielewa neno hilo, kwa kuwa sufuria za shaba zinazong'aa zikiwa zimepangwa safu kwa safu hupendeza macho kwa urahisi mno, na mtu husahau mikono iliyozisugua. Lakini naona kinyume chake. Mahali pengi nyumba za aina hii zilipopungukiwa na fedha, upande wa watumishi ndio uliobomolewa kwanza au kugeuzwa ofisi na makazi, kwa kuwa hakuna aliyeuona kuwa na thamani. Hapo kumbukumbu ya kazi ilipotea, na zikabaki picha za mababu tu. Kuuhifadhi upande huu ukiwa mzima, pamoja na mifereji yake na tanuri lake, ni kuwapa waliofanya kazi humo nafasi ile ile ya kuchunguzwa tunayowapa wenye vyeo. Ni kweli kwamba nyuso na majina yao hayapatikani kwa wingi kama ya familia ya juu, lakini hilo ni pengo la historia yenyewe.

Mpango huo wa maisha ulidumu kwa muda mfupi kuliko kuta zake. Mtoto mkubwa wa Thomas Charles, aliyeitwa naye Thomas Agar-Robartes na aliyekuwa mbunge, alifariki mwaka 1915 kutokana na majeraha ya vita vya Loos, nchini Ufaransa. Vita hivyo vya kwanza vya dunia viliwaondoa watumishi wa kiume, vikawafungulia wanawake ajira za viwandani na maofisini, na baada yake nyumba kubwa chache ziliweza kurudi kwenye idadi ya watumishi ya zamani. Mwaka 1953 mkuu wa familia hiyo, ambaye sasa alikuwa na cheo cha Viscount Clifden wa saba, aliikabidhi Lanhydrock kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ambalo linaitunza hadi leo. Kwa kuwa familia ilikuwa imepungua na haikuwa na sababu ya kubadilisha jiko, vifaa vya miaka ya 1880 vilibaki mahali pake, na huenda hiyo ndiyo bahati kubwa iliyobaki katika hadithi yenye misiba mingi.

Watu huniuliza kama Lanhydrock inaipita Cragside, nyumba ya mhandisi William Armstrong iliyoko Northumberland, kaskazini mwa England, ambayo nayo iko chini ya National Trust. Jibu langu ni kwamba zinafundisha mambo tofauti. Cragside, iliyopanuliwa na msanifu Norman Shaw, ni nyumba ya mvumbuzi: nguvu ya maji ilizungusha vyuma vya kubanikia nyama na kuinua lifti, umeme uliotokana na maji uliwasha taa tangu mwaka 1878, na mwaka 1880 taa za Joseph Swan zikawekwa vyumbani. Ukiitazama unaona kazi ya watumishi ikianza kuchukuliwa na mashine. Lanhydrock haina makuu hayo. Ina mawe, mteremko, hewa na milango iliyowekwa pale inapostahili, na inaonyesha hatua ya mwisho ya ustadi wa zamani kabla haujapitwa na wakati. Anayevutiwa na mitambo aanze na Cragside. Anayetaka kuifuata kazi ya jikoni yote, kuanzia samaki anapopokelewa stoo hadi sahani inapooshwa, aende Lanhydrock, na aingie vyumba vya jikoni akiwa bado na nguvu na muda, kwani wenye kuanza na vyumba vya wenye nyumba hufika huku wakiwa wamechoka na hupita mbele ya ile meza ya marumaru bila kujua maji yanatoka wapi.